Lili ya mchanga: kupanda krinamu Mtwara na Lindi bila kumaliza madumu ya maji

Kwanza nianze na kosa langu ili nisionekane najua sana. Miaka ya nyuma nilitoka Njombe kwenye msiba, nikarudi Mtwara na mfuko wa rambo umejaa miche ya agapanthasi, yale maua ya bluu yanakaa kama mpira juu ya kijiti, majani yake marefu kama mkanda. Kule juu yamejaa kwenye bustani za watu, hayaulizwi maji hayaulizwi mbolea, nikajiambia kama kitu hakisumbui hivi basi kitanifaa na mimi nisiye na muda. Nikapanda mbele ya nyumba. Majani yalitoka, tena mazuri, nikasubiri ua mwaka wa kwanza hamna, wa pili hamna, wa tatu likatoka moja limesinyaa kama limetolewa kwa lazima. Asili yake ni Afrika Kusini na yale ninayoyaona yamechangamka yote yako kwenye nchi ya baridi, sasa huku kwetu usiku wa Februari unalala umefungua madirisha yote na bado shuka linakushinda, ua la baridi litafurahi na nini?

Kwahiyo kama na wewe umeona picha za bustani za Arusha au za nje huko ukatamani, nakuomba usimame hapa kwanza. Muonekano uleule wa majani ya mkanda na ua linalosimama juu ya bua unaupata kwa mmea mwingine ambao pwani ndio kwao. Wataalamu wanaliita Crinum asiaticum, sisi tuseme krinamu. Mtaani kila mtu ana jina lake, wengine lili, wengine yungiyungi (ingawa yungiyungi wengi wanamaanisha lile la kwenye maji), shangazi yangu wa Mikindani yeye anaita kitunguu cha mchangani basi. Asili yake ni fukwe za bahari ya Hindi na nchi za Asia, mbegu zake zinaelea kwenye maji ya chumvi zinasafiri zinatupwa ufukweni zinaota. Kitu kilichozoea kutupwa na bahari hakiwezi kukushinda wewe hapo Chuno au Mtanda.

Usilichanganye na mwenzake ambalo linauzwa sana kwenye vitalu vya barabarani, majani karibu sawa, ua jeupe lenye vidole virefu kama buibui. Angalia katikati ya ua, ukikuta kama kikombe chembamba cha ngozi kimeunganisha vile vijiti vya ndani, hilo ni la asili ya Amerika, sio krinamu. Krinamu halina hicho kikombe. Wala sio vita, matunzo yanakaribiana kabisa, ila krinamu linakuwa kubwa zaidi, majani yanafika mita moja na zaidi na tunguu lake (ile sehemu ya chini iliyovimba kama kitunguu) linaweza kuwa nene kama paja la mtoto, kwahiyo nafasi unayoiacha ni tofauti.

Sasa tuingie kazini.

HATUA YA 1: TAFUTA TUNGUU, USINUNUE MAJANI

Nasema hivi kwasababu kwenye vitalu watu wanachagua mche wenye majani mengi ya kijani, wanalipa wanaondoka. Wewe bonyeza chini. Tunguu liwe gumu kama kitunguu maji kizuri cha sokoni, likibonyea au likitoa harufu liache hata kama majani yanang'aa. La ukubwa wa ngumi ya mtu mzima linatosha, litachukua mwaka au miwili kuanza kutoa maua. Ukipata kubwa zaidi vizuri, ila zito kubeba kwenye bodaboda.

Njia rahisi kuliko zote ni kuomba. Zunguka nyumba za zamani pale Mikindani, au kwa wazee wenye viwanja vikubwa, utaliona limekaa pembeni ya ukuta hakuna anayelijali, na chini yake limezungukwa na watoto kibao, yaani vichipukizi vyake. Piga hodi, shikamoo, omba watoto wawili watatu. Mimi sijawahi kunyimwa, kuna bibi mmoja alinipa na ndoo ya kubebea akaniambia nikimaliza yale nirudi nichukue mengine maana yamemjaa.

HATUA YA 2: MUDA

Huku Kusini mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba inaenda mpaka Aprili, alafu Juni mpaka Oktoba ni ukavu mtupu na upepo wa kusi. Panda mwishoni mwa Oktoba au Novemba, mimi kalenda yangu ni korosho, nikiona watu wameshaingia mashambani kuokota najua na mimi nianze kuchimba. Tunguu linakaa wiki kadhaa ardhini linatoa mizizi taratibu, mvua ya kwanza ikipiga linakuwa tayari.

Ukipanda Machi mvua zikiwa zimekolea unaweza ukafanikiwa kama ni mchanga mtupu, ila kama kwako kuna udongo unaonata ni kamari. Ukipanda Julai halifi, ila utabeba maji wewe miezi mitano, sasa hapo uvivu tunaoutafuta uko wapi?

HATUA YA 3: SHIMO NA UDONGO, HAPA USIKIMBIE

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya pili kwahiyo nitakaa kidogo.

Krinamu linavumilia jua, chumvi, upepo, ukame, hata mbuzi kwa kiasi kikubwa wanalipita. Kinacholiua ni maji yaliyotuama kwenye tunguu. Tunguu ni ghala lake, limejaza maji na chakula chake cha miezi mingi ndani mle, ndio maana linavumilia ukavu, sasa ukiliweka kwenye tope ni sawa na kuloweka kitunguu kwenye bakuli wiki nzima, utakuta nini?

Mimi nilipanda matano kwenye kona ambayo maji ya bati yanashukia. Nikajiambia hapa sitamwagilia kabisa, mvua itafanya kazi. Na juu yake nikawa namwagilia kila jioni, unajua ile raha ya kushika mpira wa maji umevaa msuli jua linazama. Shangazi akaja kutembea, akasimama pale anaangalia, akaniuliza, "Kwani umepanda mpunga, mtoto wa kaka yangu?" Mi nikacheka. Baada ya wiki mbili jani la katikati likawa njano, nikalivuta kidogo likachomoka lote na chini yake linanuka kama maji ya muhogo uliosahaulika. Manne yakafa hivyohivyo. La tano lilipona kwasababu lilikuwa juu ya kifusi cha mchanga waliouacha mafundi.

Kwahiyo fanya hivi. Kwanza kipimo: chimba shimo la upana na kina kama sentimita 40, mwaga ndoo nzima ya maji, angalia saa. Maji yakipotea ndani ya nusu saa uko salama, panda moja kwa moja. Yakikaa zaidi ya saa moja usipande chini, pandisha tuta.

Watu wa mchangani, Shangani, Ufukoni, maeneo ya pwani ya Lindi, nyie mmebarikiwa, tatizo lenu ni kinyume, mchanga haushiki chochote, mbolea ikiingia leo kesho imeshuka. Changanya mchanga wenu karai tatu na samadi ya mbuzi iliyoiva karai moja. Iliyoiva maana yake imekaa miezi mitatu minne, ukiishika haina joto wala harufu kali, inavunjika kama tumbaku. Samadi mbichi ya kuku usithubutu, inaunguza mizizi.

Watu wa udongo unaonata, ongezeni mchanga mkubwa nusu kwa nusu alafu mnyanyue tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya usawa wa ardhi. Wa Newala na Tandahimba kule juu udongo wenu mwekundu wa kichangachanga unapitisha maji vizuri, shida yenu ni hayo maji yenyewe kuyapata, na kwa hilo krinamu ni rafiki wa kweli.

Kwa wanaokaa Mikindani kwenye mawe ya matumbawe, usihangaike kuyatoa yote, linaota humohumo kwenye chokaa, toa makubwa tu yanayozuia tunguu kukaa sawa.

HATUA YA 4: KUPANDA

Rudishia ule mchanganyiko kwenye shimo mpaka tunguu likikaa juu yake, ile shingo (sehemu nyembamba majani yanapoanzia) iwe juu ya ardhi. Hii ndio siri ndogo ambayo wengi hawaambiwi. Tunguu chini, shingo nje. Ukizika shingo unakaribisha kuoza, ukiacha tunguu lote nje nalo linababuka na jua. Shindilia kwa mikono sio kwa miguu.

Toka mche hadi mche acha mita moja. Najua mwanzo patakuwa peupe utatamani kujaza, vumilia, mwaka wa tatu utanishukuru. Kama macho yanakuuma panda kunde au bamia katikati msimu wa kwanza, ule na mboga.

Sehemu ipate jua angalau nusu siku. Chini ya mwembe mkubwa litaishi lakini litatoa majani tu. Na kama unaweza weka karibu na baraza au chini ya dirisha la chumbani, maana ua lake linafunguka jioni na harufu inatoka usiku. Kaa hapo nje muda wa saa moja na nusu usiku uzime taa, utaona nondo wakubwa wanakuja wanaelea mbele ya ua mabawa hayaonekani kwa kasi, wanatumbukiza ule mrija wao. Wanangu waliacha katuni kwa ajili ya hiyo, siku mbili tu lakini waliacha.

Ukishapanda mwagia lita nne au tano mara moja, basi, usirudie mpaka siku tano zipite.

Wasio na kiwanja: ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa kabisa, toboa matundu sita saba chini kwa msumari wa moto, weka kokoto kiasi cha vidole vinne, alafu mchanganyiko wako. Moja kwa ndoo. Ya kwenye ndoo inahitaji maji mara nyingi kidogo kuliko ya ardhini na usiiweke kwenye sahani inayotunza maji.

HATUA YA 5: MAJI, AU TUSEME KUTOMWAGILIA

Miezi miwili ya mwanzo kama mvua haijaanza, mara moja kila siku tano, lita nne kwa shina. Mvua ikianza acha kabisa.

Baada ya hapo ukishavuka msimu mmoja wa mvua, kiangazi chake chote, Juni mpaka Novemba, dumu moja la lita 20 linagawana mashina matatu kila baada ya siku kumi hadi wiki mbili. Sio kidogokidogo kila siku. Kidogokidogo kila siku mizizi inabaki juujuu inasubiri kulishwa kama mtoto wa mwisho. Ukimwaga mengi kwa mkupuo maji yanashuka chini na mizizi inayafuata hukohuko, siku ukisafiri mwezi mzima linajitegemea.

Hujui kama lina kiu? Chomeka kidole mpaka kiungo cha pili, pakiwa na unyevu acha. Au angalia majani, krinamu lenye kiu majani yanalegea yanakunjika katikati kama mtu aliyechoka, ukimwagia jioni asubuhi yamesimama. Lakini likilegea huku udongo umelowa, hapo ndio ogopa, hilo linaoza, chimbua haraka uangalie.

Na maji sio lazima yawe ya bomba, hasa wiki zile za mgao. Maji ya kuoshea mchele, ya kunawia mikono, ya kusuuzia nguo yale ya mwisho yasiyo na povu jingi, yote linakunywa. Ya kisima chenye chumvichumvi pia linavumilia kuliko maua mengi, si nimesema bahari ndio kwao. Yenye mafuta ya vyombo mwaga kwingine.

Tandaza makumbi ya nazi au majani makavu ya mkorosho kuzunguka shina, unene wa vidole vinne, yanazuia jua kunyonya maji. Ila acha duara tupu la kiganja kuzunguka shingo, yasiiguse, maana yakiigusa msimu wa mvua panakuwa na unyevu muda wote na konokono wanahamia.

MBOLEA

Fupi tu. Samadi iliyoiva kopo la lita moja kwa shina mvua zinapoanza, na jingine mwishoni mwa Februari. Basi. Kuna jamaa yangu alimwaga yurea iliyobaki shambani, majani yalikuwa makubwa mpaka watu wanapita wanauliza ni migomba ya aina gani, ua hata moja hamna. Naitrojeni nyingi ya kwenye yurea inalea majani. Jivu la jikoni konzi moja moja linasaidia kwa wa mchangani, ila wa kwenye chokaa msiongeze, huko chokaa tayari imezidi.

VIWAVI, HAPA SASA

Kama krinamu lina adui mmoja ni huyu. Na ukimjua mapema hakusumbui, ukichelewa anakumalizia shina zima ndani ya wiki moja.

Ni kiwavi cha nondo mmoja hivi wa usiku, anataga mayai kwa mkupuo chini ya jani, yamebanana kama ulezi umegandishwa na gundi. Viwavi vikitotolewa vinaingia NDANI ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Kwahiyo mwanzo huoni mdudu, unaona doa limepauka kama jani limeungua na maji ya moto. Liinue lile jani ulielekeze kwenye jua, utaona vitu vyeusi vinatembea mle ndani kama mchanga ndani ya mfuko wa nailoni. Mara ya kwanza kuona nilishtuka nikaliachia.

Vikikua vinatoka nje, vinakuwa vinene, vyeusi vyenye mabaka meupe ya kung'aa, urefu kama kifundo cha kidole mpaka kidole kizima, na vinashuka kwenda shingoni. Vikifika kwenye tunguu ndio kazi imekwisha. Kuku wangu walidonoa kimoja wakakitema, tangu siku hiyo hawajarudi, kwahiyo usitegemee kuku.

Cha kufanya:

Kagua chini ya majani kila wiki kuanzia mvua zinapoanza mpaka Mei. Dakika tano tu. Mayai ukiyaona yafute na kitambaa au kata kile kipande.

Jani lenye doa lililopauka kata lote, tumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Usitupe jalalani vikatembea kurudi.

Vikubwa okota usiku na tochi ya simu, ndio vinatoka. Vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi.

Dawa ya kinga, mwarobaini. Robo kilo ya mbegu kavu zilizotwangwa, lita tano za maji, loweka usiku kucha, chuja na kanga iliyochakaa, weka kijiko kimoja cha sabuni ya maji, pulizia jioni chini na juu ya majani, rudia kila wiki kipindi cha mvua na kila ikinyesha kubwa. Haiui vikubwa papo hapo, inavikatisha hamu ya kula vidogo.

Kama vimeshaingia shingoni na katikati pananuka, kata majani yote usawa wa shingo, safisha uozo mpaka ufikie nyama nyeupe ngumu, paka jivu, acha wazi bila maji wiki mbili. Mara nyingi linachipua. Mimi niliokoa mawili hivyo kati ya matatu.

Na hili niliseme kwasababu huku kwetu kila nyumba ina mfuko wa salfa umebaki msimu wa korosho. Jirani yangu alikuja nayo kwa nia njema kabisa, tukapulizia viwavi vikawa kama vimepakwa unga na vinaendelea kula. Salfa kwenye mkorosho ni ya ubwiriunga, ule ni ugonjwa wa ukungu, sio mdudu mtafunaji. Usipoteze salfa yako.

Madoa mekundu kama kutu kwenye majani na kwenye bua, yanatokea Februari Machi mvua zikizidi, huo ni ukungu. Kata majani yaliyoathirika, kisu ukipitishe kwenye moto kabla hujahamia shina jingine, na punguza msongamano hewa ipite. Ncha za majani kukauka miezi ya kusi ni upepo na chumvi tu, kata kwa mkasi ukitaka picha nzuri.

SUMU, SOMA HATA KAMA UMERUKA MENGINE

Tunguu la krinamu lina sumu. Ukila linakutapisha vibaya sana na tumbo linakata. Nasema hivi kwa uzito kwasababu sisi watu wa Kusini tunachimba ming'oko, watoto wamezoea kwamba kitu kilichochimbwa ardhini kinachemshwa kinaliwa. Waonyeshe wanao waziwazi, hiki sio ming'oko, hiki sio kitunguu. Usiyahifadhi jikoni hata siku moja yakisubiri kupandwa. Utomvu wake pia unawasha ngozi ya baadhi ya watu, ukikata vaa glavu, na usijifute macho. Akitokea mtu kala, hospitali moja kwa moja na kipande cha mmea mkononi wakione.

KUGAWA WATOTO

Baada ya miaka minne mitano shina litakuwa limezungukwa na watoto na maua yatapungua kwa kubanana. Gawa Oktoba. Tumia chepe, sio jembe, jembe linakata tunguu katikati nimeshaona mtu analia. Chimba mbali, sentimita 30 toka shinani, zunguka pande zote alafu inua kwa chini, ni zito kweli, ita mtu. Watoto wenye mizizi yao wanatengana kwa kuvuta, waliogoma kata kwa kisu safi, paka jivu kwenye kidonda, waache kivulini siku mbili tatu pakauke. Punguza majani nusu. Panda kama mwanzo.

Msimu unaofuata halitatoa ua, limenuna kwa kuhamishwa, usilifukue kuangalia kama liko hai.

NA MBEGU

Ua likishanyauka bua linalala chini lenyewe kwa uzito, kwenye ncha kuna matunda ya kijani, ndani mbegu kubwa mviringo kama limao dogo, laini, haina ganda gumu. Hizi haziwekwi kwenye bahasha zikasubiri mwakani, zina maji yake ndani na zinaota zenyewe. Zilaze juu ya mchanga kwenye kiriba, usizifukie, nusu tu iguse chini, kivulini, mnyunyizo mara moja kwa wiki. Kuna mbili nilizisahau juu ya ukuta wa bafu la nje, hakuna udongo hakuna maji, baada ya mwezi hivi nikakuta zimetoa mzizi mweupe unaning'inia unatafuta chini. Nikazipanda kwenye makopo ya maziwa. Huu ni mwaka wa tatu, moja imeshahamia kwenye ndoo kwa shangazi, nyingine iko pembeni ya ngazi na wiki iliyopita imesukuma bua, bado halijapasuka.